Kabla hujanunua maua ya kusafisha hewa, niambie dirisha lako likoje

Karibu kila wiki napata mteja pale bustanini kwangu, kando ya barabara ya Bagamoyo, amekuja na simu mkononi ana picha ya sneki planti au pisi lili, anasema dada nataka haya yanayosafisha hewa. Mimi nauza maua, nimesomea kilimo cha bustani na huu mwaka wa kumi na moja naotesha miche, ningeweza kumpa makopo sita akalipa akaondoka. Ila siwezi, kwasababu mara nyingi anayeulizia hivyo nyumbani ana mtoto anayekohoa.

Hii habari ina mwanzo wake. Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani anaitwa Wolverton, alikuwa NASA, shirika la anga za juu la kwao, alichukua maua ya ndani haya haya tunayouza mpaka leo, akayafungia kwenye masanduku ya plastiki angavu yasiyopitisha hewa, masanduku madogo, mengine karibu sentimita 76 kila upande, akaingiza humo kemikali kama benzini na fomaldehaidi, zile zinazotoka kwenye rangi, gundi na mbao za kugandamiza, akapima baada ya saa 24 akakuta zimepungua. Zilipungua kweli, na sehemu kubwa ya kazi ilionekana iko kule chini kwenye mizizi na vijidudu vya udongo, sio kwenye jani tunalolipangusa kila siku. Sasa chumba chako sio sanduku. Hewa inaingia chini ya mlango, inatokea dirishani, inapita kwenye matundu ya dari, na huko kupita tu kunatoa uchafu haraka kuliko ua litakavyoweza. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel kule Philadelphia, Cummings na Waring, walikusanya majaribio ya miaka mingi wakapiga hesabu upya, wakapata kwamba ili maua yafikie kazi ambayo hewa ya kupita inaifanya tayari, unahitaji kati ya maua 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12, kwahiyo kwa kiwango cha chini kabisa ni makopo 120, hapo hata kitanda hakiingii.

Na hizo zote ni kemikali tu. Kwetu tatizo kubwa ni moshi. Shirika la Afya Duniani linasema hewa chafu ya majumbani iliua watu wapatao milioni 3.2 mwaka 2020, na chanzo chake ni kuni, mkaa, mafuta ya taa, vitu tunavyopikia.

Kuna mama mmoja nilimpelekea maua mwenyewe nyumbani, aliniambia kifua cha mtoto hakitulii. Nikaingia nikaona zile sneki planti alizonunua mwanzo zimepangwa koridoni, nikapitisha kitambaa cheupe kilicholowa juu ya jani moja, kikatoka cheusi tii. Akafurahi, "Unaona dada, yanavuta uchafu!" Nikamwambia mama, hata juu ya kabati lako ukifuta utapata hivyo hivyo, masizi yanatua popote, hilo jani limetuonyesha tu mtoto anavuta nini. Jiko unawasha wapi? "Hapo hapo koridoni, mvua ikinyesha naingiza na chumbani lakini lishakuwa makaa tu, halitoi moshi." Jamani, hapo ndo niliogopa. Mkaa uliokolea bila moshi ndo unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inaua watu wamelala na hakuna ua litakalokuokoa nayo. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata kama limebaki jivu la moto, hata kama baridi ni ya Njombe.

Tukaangalia dirisha, kumbe nyuma ya kabati la nguo kuna dirisha zima limezibwa miaka. Tukasogeza kabati. Halafu ule wavu wa mbu ulikuwa umejaa vumbi na mafuta mpaka matundu hayaonekani, tukautoa tukausugua kwa sabuni ya unga na brashi, tukafungua na mlango wa upande wa pili, pazia likaanza kucheza. Pazia likicheza ujue hewa inapita, hicho ndo kipimo changu cha siku zote. Hivi vidirisha vya aluminiamu vya kusukuma vinafunguka nusu tu, kwahiyo kama unajenga sasa hivi mwambie fundi akuwekee madirisha mawili yanayotazamana na matofali ya matundu juu.

Kingine ni dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mduara. Utafiti uliotoka 2003 ulikuta kuchoma moja mpaka iishe kunatoa chembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Mtoto alale ndani ya chandarua, hiyo dawa iacheni kabisa chumbani, na udi tuchome madirisha yakiwa wazi.

Maua nayapenda na nitaendelea kuyauza, yanatuliza macho, nyumba inakuwa na uhai, na wale mnaoogopa kwamba usiku yanawamalizia oksijeni laleni tu, yanachotumia maua ni kidogo mno kuliko hata mtu mmoja mliyelala naye. Ila mani planti na difenbakia ziweke juu, mtoto akitafuna mdomo unawaka na kuvimba. Na vile visahani vya chini ya kopo mwageni maji na kuvisugua kila wiki, pamoja na zile chupa za mani planti za kwenye maji, maana mbu wa dengue anataga humo humo ndani ya nyumba, na Dar tumeshauguzana sana kwa dengue, 2014 na tena 2019.

Kwahiyo ukija bustanini njoo na picha ya dirisha lako na ya mahali unapopikia, tutaanzia hapo, ua tutachagua baadae.