Mita yetu ni bubu

Dada yangu anakaa Tabata. Kwa miezi kadhaa alikuwa akinilalamikia friji: mchana inafanya kazi vizuri, ikifika saa moja jioni inaguguma bila kuwaka, na asubuhi maziwa yameharibika. Alishaita mafundi wawili wa friji, wa pili akamwambia kompresa imekufa, anunue nyingine. Nikamwambia asinunue kitu kwanza. Nikaenda na kipimo changu, nikakichomeka kwenye soketi ya jikoni saa kumi jioni: volti 224. Saa mbili usiku nikapima tena soketi ileile: volti 168.

Umeme wa nyumbani unatakiwa uwe karibu na volti 230. Kwenye 168 mota ya friji inakosa nguvu ya kuanza kuzunguka, inabaki inavuta mkondo mkubwa na kupata moto, mpaka siku moja inaungua kweli. Friji ya dada haikuwa na kosa. Transfoma ya mtaa ule ilifungwa wakati nyumba zilikuwa za kuhesabika, leo kila kiwanja kina nyumba ya kupangisha nyuma yake, na jioni wote wanawasha kwa pamoja.

Kilichoniuma ni kwamba muda wote huo mita ya LUKU, ya kulipia kabla, pale ukutani ilikuwa inapitisha umeme ule mbovu usiku baada ya usiku. Dada ananunua uniti kama kawaida, mita inazikata kama kawaida. Nje ya ukuta wa nyumba yake hapakuwa na mtu aliyejua, kwa sababu mita ile haina namna ya kusema.

Nimefanya kazi ya mita na laini za usambazaji kwa muda mrefu, na swali ninaloulizwa zaidi siku hizi ni hili: bwawa la Julius Nyerere limekamilika, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, sasa mbona kwetu umeme bado unakatika? Swali ni la haki. Jibu lake liko njiani. Umeme unatoka Rufiji kwenye laini kubwa, unafika kwenye vituo vya kupozea umeme, unashushwa hadi kilovolti 33 na 11, unapita barabarani kwenye nguzo tunazoziona kila siku, unafika kwenye transfoma ya mtaa na kushuka tena hadi volti 400 kwa fezi tatu (yaani nyaya tatu za moto ambazo nyumba za mtaa zinagawanywa juu yake), ambayo ni volti 230 kwa nyumba ya fezi moja. Walio zamu kwenye kituo cha kuongoza gridi pale Ubungo wanaziona laini kubwa sekunde kwa sekunde. Kadiri laini inavyokuwa ndogo, ndivyo macho yanavyopungua. Ukishavuka transfoma ya mtaa, ni giza. Tunajua kuna tatizo pale mtu anapopiga simu.

Kwa hiyo upungufu wa uzalishaji ni jambo moja, na ukilipata dawa mgao unaisha. Kukatika kwa fyuzi ya transfoma Kivule ni jambo jingine kabisa, na hata ukijenga mabwawa matatu hutalimaliza.

Nieleze kidogo kuhusu LUKU, maana ni mfumo ninaouheshimu. Lipa Umeme Kadri Unavyotumia ilitutoa kwenye ankara za makadirio na foleni za kukatiwa. Zile tarakimu 20 unazobofya si namba za bahati. Ni ujumbe uliofungwa kwa msimbo, na mita yako peke yake ndiyo yenye ufunguo wa kuufungua. Ndani yake kuna uniti ulizonunua na namba ya muda, yaani dakika zilizohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi ya namba hiyo inatosha dakika 16,777,216 tu, nazo ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka ule tuliingiza makundi matatu ya tarakimu badala ya moja: mawili ya kwanza yalikuwa yanabadilisha ufunguo wa mita ili ihesabu upya, la tatu ndilo lililokuwa na umeme wenyewe. Ilifanyika hivyo nchi nyingi duniani, kwa sababu kiwango ni kimoja.

Sasa angalia jinsi kazi ile ilivyofanyika. Kila mteja, mmoja mmoja, alisimama mbele ya mita yake na kubofya. Hapakuwa na njia nyingine, maana mita haina waya wala redio ya kupokelea habari. Ujumbe unabebwa na wewe kwa kidole, na jibu halirudi. Mita inasikia, ila ni bubu.

Mita janja ni mita iliyopewa mdomo. Ndani yake kuna kipimo kilekile cha umeme, pamoja na kifaa cha mawasiliano: laini ya simu, au redio inayorusha habari kutoka mita hadi mita, au mawimbi yanayopita kwenye waya uleule wa umeme. Si jambo geni. Italia walianza kuzifunga kwa wingi mwaka 2001 na wakafikia wateja zaidi ya milioni 30. Hapa kwetu viwanda na wateja wakubwa wamekuwa wakisomewa mita zao kwa mbali kwa miaka mingi. Jipya ni kuifikisha kwa mama wa nyumba ya kawaida.

Watu wakisikia mita janja wanafurahia kwanza kwamba uniti zitaingia zenyewe bila kubofya tarakimu. Ni kweli, na kwa mzee asiyeona vizuri ni nafuu kubwa. Lakini kwangu hiyo ni faida ndogo kuliko zote.

Faida kubwa inaanzia umeme unapokatika. Mita janja nyingi zina akiba ndogo sana ya nguvu ndani yake, ya kutosha sekunde chache. Umeme ukikatika, mita inatumia akiba hiyo kutuma ujumbe mmoja kabla ya kuzima: mimi mita fulani, nimekosa umeme saa fulani. Sisi tunauita pumzi ya mwisho. Chukulia ni saa nane usiku na mvua inanyesha. Kama pumzi hizo zimetoka kwa nyumba zote za transfoma moja, fundi anajua tatizo ni transfoma au fyuzi zake za juu. Zikitoka kwa theluthi moja ya nyumba, na zote ziko fezi ya njano, basi jampa (kipande cha waya wa kuungia) au fyuzi ya fezi hiyo imekwenda. Ikitoka kwako peke yako, ni waya unaokuingilia kutoka kwenye nguzo. Na kama umepiga simu unalia umeme hakuna, lakini mita yako ikiulizwa kutoka ofisini inajibu kwamba volti zipo, tatizo liko ndani ya nyumba, angalia swichi kubwa kabla hujasubiri gari mpaka asubuhi.

Gari la dharura ni moja na mitaa ni mingi. Dar es Salaam yetu ilihesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022. Muda mwingi wa kukaa gizani mtaani hauendi kwenye kutengeneza. Unaishia kwenye kutafuta: kupita nguzo kwa nguzo na tochi, kuuliza watu, kugundua kwamba fyuzi iliyohitajika haikupakiwa. Na baada ya kutengeneza kuna jambo linalowaumiza watu zaidi: mtaa unawaka, gari linaondoka, kumbe nyumba nne za mwisho bado zimo gizani kwa hitilafu nyingine. Mita zikiwa na mdomo, fundi anaziuliza kabla hajateremsha ngazi.

Niseme ukweli, pumzi za mwisho hazifiki zote. Wilaya nzima ikizimika kwa mpigo, maelfu ya ujumbe yanagombania njia moja na mengi yanapotea. Haidhuru. Zikifika kumi kati ya mia, ramani ya tatizo inaonekana.

Turudi Tabata. Mita janja inaandika volti kila baada ya dakika kadhaa. Ingekuwepo kwa dada, wiki ya kwanza tu ingeonyesha mstari unaozama kila jioni. Tena ingeonyesha kitu ambacho mimi nilikigundua kwa kuzunguka kwa majirani na kipimo mkononi: fezi aliyounganishwa yeye ilikuwa imebeba nyumba nyingi kupita kiasi, wakati fezi nyingine ya transfoma ileile imepumzika. Wakati mwingine huhitaji transfoma mpya. Unahamisha nyumba kadhaa kutoka fezi moja kwenda nyingine, kazi ya mchana mmoja.

Kuna hatari nyingine ambayo hapa mita janja inaweza kuokoa mali na hata roho. Nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, ikikatika kwenye laini ya mtaa, fezi zinaanza kuvutana: nyumba moja inapata volti 120, ya jirani inapata 300 na zaidi. Ndiyo ile siku mnasikia televisheni tano zimeungua mtaa mmoja. Mita janja inaona volti zimepanda, inapiga kelele, na kama imewekewa maagizo hayo inakata umeme wa nyumba kabla vifaa havijaungua.

Wizi nao usemwe. Ukifunga mita moja kwenye transfoma na kujumlisha mita zote za nyumba zilizo chini yake, hesabu mbili zinatakiwa zikaribiane. Zikiachana sana, kuna umeme unaovuja, mara nyingi kupitia mikono ya vishoka, mafundi wasio rasmi. Gharama ya umeme uliopotea hailipwi na vishoka. Inaingia kwenye hesabu ya bei, na anayeibeba ni anayenunua uniti kihalali.

Lipo tatizo moja la wapangaji ambalo mita janja peke yake haitaliponya, na sipendi watu waahidiwe uongo. Nyumba ya vyumba sita yenye LUKU moja: wanachangishana, wanagombana nani ana pasi, nani ana jiko la umeme. Kwa viwango vya 2016 vya EWURA, mamlaka inayopanga bei za umeme, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alipangiwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, na mteja wa kawaida 292. Familia sita kwenye mita moja haziwezi kukaa ndani ya uniti 75, hivyo mama anayewasha taa mbili na redio analipa bei ya mwenye matumizi makubwa. Dawa yake ni mita kwa kila kaya. Iwe janja au isiwe, kwanza iwepo.

Na mita bila laini bora ni nusu ya kazi. Mfano ninaoupenda ni mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee, Marekani. Shirika lao la umeme, EPB, lilipata ruzuku ya serikali ya dola milioni 111.5 mwaka 2009, wakatandaza nyaya za nuru za mawasiliano mji mzima, wakafunga mita janja, na pamoja nazo swichi za kujiendesha zaidi ya elfu moja kwenye nguzo. Mti ukiangukia laini, swichi za pande mbili za mti zinafunguka zenyewe, kipande kilichoumia kinatengwa, na nyumba zilizobaki zinalishwa kutoka upande wa pili ndani ya sekunde. Wengi wanaona taa imepepesa tu. Siri hapo ni ule upande wa pili. Katikati ya jiji letu, kwenye eneo la kituo cha Sokoine kilichojengwa kwa msaada wa Finland, fikra hiyo ipo. Mitaa ya pembezoni ambayo laini yake inakuja kutoka upande mmoja tu, mita janja itaijulisha ofisi mapema kwamba uko gizani, na utabaki gizani mpaka fundi afike. Wakati wa kupanga bajeti naomba mambo haya mawili yasitenganishwe.

Hasa kwa sababu ya majiko. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, ulioanza 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko ifikapo 2034. Jiko la presha la umeme linavuta kama kilowati moja. Majiko hamsini yakiwashwa saa moja jioni kwenye transfoma ya kilovolti-ampea 100, yaani isiyozidi kilowati 100, tayari umemaliza nusu yake kabla hujahesabu pasi na friji. Ninalitaka sana jiko la umeme limtoe mama kwenye moshi wa mkaa. Basi lazima tuone transfoma ipi inaelekea kuzidiwa kabla haijalipuka.

Kuna hofu mbili ninazozisikia, na zote zina msingi. Ya kwanza, kwamba mita mpya zinakula uniti. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walipima mita tisa za kielektroniki maabara, na tano zilisoma zaidi ya ukweli, moja hadi asilimia 582, zilipounganishwa na taa na vifaa vinavyochafua mawimbi ya umeme. Tatizo lilikuwa aina ya kihisio ndani ya mita, na linaweza kupimwa kabla mita haijanunuliwa. Kwa hiyo mteja anayelalamika asicheze na mita wala asiite kishoka. Adai ipimwe, na Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo.

Ya pili ni siri ya nyumba. Mita inayosoma kila nusu saa inajua mnaamka saa ngapi na lini mmesafiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazigusa habari hizi moja kwa moja, na mwananchi ana haki ya kuuliza nani anaziona na zinakaa muda gani.

Siku fundi atakapokuja kubadilisha mita kwako, mwombe kitambulisho. Piga picha ya mita ya zamani ikionyesha uniti zilizobaki kabla haijafunguliwa, na ya mpya ikionyesha ilipoanzia. Andika namba ya mita mpya. Kisha muulize swali moja ambalo wengi hawaulizi: nyumba yangu umeiunga fezi ipi? Dada yangu amelibandika jibu lake kwenye mlango wa friji: bluu, tangu Machi, volti 219 saa mbili usiku.