Uzito wa albamu ya kurejea hauko kwenye misuli

Wiki hii nimeisikia tena kauli ile ile, safari hii kutoka kwa mtu ambaye masikio yake nayaheshimu: kwamba bendi ya roki nzito ikikaa kimya miaka 10 na zaidi kisha ikatoa albamu, albamu hiyo haina budi kuwa nyepesi kwa sababu wanamuziki wamezeeka na nguvu zimewaishia. Kazi yangu ni kurekodi na kuchanganya sauti za muziki huu, na nimechoka kuiacha kauli hiyo ipite. Wanaoirudia mara nyingi wamesikia kasoro ya kweli, na masikio yao hayakuwadanganya. Wanachokosea ni chanzo chake, na kwa sababu chanzo kimekosewa, hata bendi zenyewe huingia studio zikitibu ugonjwa usiokuwepo.

Misuli niimalize haraka. Rifu nzito ya mwendo wa polepole, yaani kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa rudiwa, haihitaji mkono wa kijana wa miaka 20. Amplifaya iliyofunguliwa mpaka ikakwaruza huviminya vilele vya mawimbi ya sauti, hivyo tofauti kati ya uzi uliochapwa kwa nguvu zote na uzi uliopigwa kwa wastani hubaki ndogo sana. Tena asili ya uzito huu ni jeraha. Tony Iommi wa Black Sabbath alikatika ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia kiwandani akiwa na umri wa miaka 17, na kwa kuwa anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, mkono ulioumia ndio unaokandamiza nyuzi. Katika Master of Reality ya mwaka 1971 alizilegeza nyuzi kwa nusutoni tatu, yaani hatua tatu ndogo za noti, ili zisimsumbue, na uzi wa chini kabisa ukashuka kutoka takriban hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde, hadi hezi 69. Uzi uliolegea, unapopigwa, hupanda kidogo kisha hushuka na kutulia kwenye noti yake, na mshuko huo mdogo sikio huupokea kama kitu kizito kinachotua chini. Wapiga gitaa wa hevi metali wamekuwa wakiiga sauti hiyo tangu wakati huo, sauti iliyotoka kwa mtu aliyekuwa akitafuta nafuu ya maumivu.

Mfano ambao watu hunitajia zaidi ni 13, albamu ya Black Sabbath iliyotoka Juni 2013. Ilikuwa albamu yao ya kwanza ya studio wakiwa na mwimbaji wao Ozzy Osbourne tangu Never Say Die! ya mwaka 1978, yaani miaka 35. Iommi alikuwa amegunduliwa kuwa na saratani ya limfu mapema mwaka 2012, na kazi ikapangwa kufuata ratiba ya matibabu yake. Albamu ilishika nafasi ya kwanza ya chati Uingereza, jambo ambalo bendi hiyo haikulipata tangu Paranoid ya mwaka 1970, na ilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa mara ya kwanza katika maisha yao yote. Hata hivyo wasikilizaji wengi wa zamani walisema kwamba kuna kitu kimepungua, na walipobanwa waseme ni wapi, walinyoosha kidole kwenye ngoma. Nami nasikia hivyo hivyo. Lakini aliyeketi nyuma ya ngoma hizo alikuwa Brad Wilk wa Rage Against the Machine, mdogo kwa wenzake kwa karibu miaka 20, kwa kuwa mpiga ngoma wao wa asili, Bill Ward, alibaki nje kutokana na kutoelewana kuhusu mkataba. Kama uzee ndio unaopunguza uzito, basi ngoma zingekuwa mahali penye nguvu kuliko pote katika albamu ile. Wilk ni mpigaji hodari na hakukosea popote. Alichokosa ni miaka ya kupiga na watu wale watatu, na hicho hakifundishwi kwa nota.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji anivumilie, kwa sababu jambo lote limelala kwenye milisekunde chache. Watu husema rifu ni ya gitaa, lakini rifu inayokufikia kifuani ni vitu vitatu: pigo la ngoma ya mguu, mwili wa besi, na ukwaruzo wa gitaa juu yake. Vitatu hivyo havitui kamwe kwa wakati mmoja. Ngoma ikitangulia, besi ikafuata baada ya milisekunde 10 au 15, na gitaa likaja kuwafunika, sikio halihesabu vitu vitatu, bali husikia kitu kimoja kikubwa chenye uso mgumu na tumbo pana. Geuza mpangilio huo, besi itangulie ngoma kwa kiasi kile kile, na rifu ile ile, kwa noti zile zile na kwa sauti ile ile, itasikika kama mtu anayekimbilia basi. Milisekunde 10 ni muda ambao sauti hutumia kusafiri takriban mita 3.4 hewani, yaani umbali wa kawaida kati ya mpiga ngoma na amplifaya ya mwenzake kwenye chumba cha mazoezi. Bendi iliyokaa chumba kimoja kwa miaka imeyazoea hata maumbile ya chumba hicho. Hakuna aliyekaa akaamua nani atangulie na nani afuate. Mpangilio huo umejengeka usiku baada ya usiku, jukwaa baada ya jukwaa, na hauko mkononi mwa mtu yeyote mmoja wao, bali uko kati yao.

Ndiyo maana ukimya huua hicho kwanza. Mpiga gitaa anaweza kufanya mazoezi peke yake miaka 15 na kurudi akiwa mwepesi wa vidole kuliko alivyoondoka. Hawezi kufanya mazoezi peke yake ya kusubiriana na mpiga besi.

Niliwahi kurekodi bendi moja, ambayo sitaitaja, iliyokuwa imeachana kwa miaka mingi. Siku ya kwanza nilifungua mawimbi ya wimbo wao mmoja wa polepole kwenye skrini, nikaweka kando yake rekodi yao ya zamani ya wimbo huo huo. Kwenye ile ya zamani besi ilikuwa nyuma ya ngoma ya mguu karibu kila pigo, na pale gitaa lilipotulia kabla ya rifu kurudi, ngoma nayo ilichelewa kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Kwenye rekodi mpya besi ilikuwa mbele, mara milisekunde 8, mara 20, bila utaratibu wowote. Kila mmoja alikuwa amevaa vipokea sauti vyake, ndani ya kibanda chake, akifuata kliki, yaani mlio wa kuhesabia mapigo. Nilimwita mpiga besi aje aone. Aliitazama skrini kwa muda, kisha akaniambia, “Ndugu yangu, zamani tulikuwa tunatazamana.”

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi hasa. Jibu la kawaida la studio za leo kwa tatizo hilo ni gridi, yaani mistari ya muda kwenye kompyuta. Fundi huchukua kila pigo la ngoma na kulisogeza kwenye mstari, kisha besi, kisha gitaa, mpaka vyote vitatu vinaanza kwenye nukta moja kamili, na kila mtu anashangilia kwamba bendi imekaza. Kazi hiyo haikurudisha kitu kilichopotea. Imefuta hata vijidalili vyake vilivyokuwa vimeanza kurudi. Vitu vitatu vikianza kwenye nukta moja, uso wa ngoma humezwa na ukwaruzo wa gitaa, na fundi analazimika kuipandisha ngoma, kisha kuipandisha besi ili iifikie, na mwishoni masta, yaani rekodi ya mwisho, inabanwa, tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo ikapunguzwa, ili vyote viingie. Kwa masikio yangu, hata albamu ya 13 ilibanwa kupita kiasi ambacho mimi ningekubali. Baada ya hapo msikilizaji anasema wazee wamechoka, ilhali alichokisikia ni kazi ya kompyuta. Mtayarishaji Rick Rubin, kabla ya kuwarekodi Black Sabbath, aliwaketisha wasikilize albamu yao ya kwanza, ile iliyorekodiwa kwa siku moja Oktoba 1969. Nadhani alikuwa sahihi kabisa kuhusu kilichokuwa kinatafutwa, na kuwasikilizisha ilikuwa sehemu rahisi ya kazi.

Watu huchanganya pia ukimya wa albamu na ukimya wa bendi. Tool walitoa Fear Inoculum mwaka 2019, miaka 13 baada ya 10,000 Days, lakini katika miaka hiyo waliendelea kupiga majukwaani wakiwa wale wale wanne, na hakuna pengo la muda linalosikika kati yao. Alice in Chains ndio mfano ninaoupenda zaidi. Mwimbaji wao Layne Staley alifariki mwaka 2002, na Black Gives Way to Blue ikaja mwaka 2009, miaka 14 baada ya albamu iliyotangulia, ikiwa na mwimbaji mpya, William DuVall. Kwa hesabu ya wanaohesabu umri na hasara, albamu hiyo ilipaswa kuyumba. Haikuyumba, kwa sababu besi ya Mike Inez na ngoma za Sean Kinney zilibaki pamoja, na bendi ilizunguka na DuVall kwenye maonyesho kuanzia mwaka 2006 kabla ya kuingia studio. Sikiliza jinsi besi inavyoachia ngoma ipite kwanza.

Lakini nadharia yangu ina tundu, na tundu hilo linaitwa Surgical Steel. Carcass waliitoa mwaka 2013, miaka 17 baada ya Swansong. Mpiga ngoma wao wa asili, Ken Owen, alipatwa na kuvuja damu kwenye ubongo mwaka 1999 na hakuweza kurudi kwenye kiti chake, ingawa sauti yake imo katika albamu. Ngoma zilipigwa na kijana, Dan Wilding, na albamu inapiga kama nyundo. Kwa maelezo niliyoyatoa hapo juu, haikupaswa kuwa hivyo. Nadhani kwa mwendo wa kasi kama wao mambo hubadilika: mapigo yakikaribiana mno, nafasi ya milisekunde 15 si pumzi tena, ni uchafu, na kukaza ndiko kunakoleta uzito.

Sina uhakika na hilo kama ninavyopenda kuwa. Ile bendi niliyoisimulia niliirekodi upya, wote katika chumba kimoja, bila kliki, na siku mbili za kwanza hazikufaa kwa lolote. Siku ya nne besi ilianza kurudi nyuma yenyewe. Mpiga gitaa aligundua kwamba wimbo ulianza kwenye mapigo 64 kwa dakika na kuishia kwenye 67, akaniomba niusawazishe, nami nikamtengenezea matoleo mawili ya kila wimbo, moja la gridi na moja lisiloguswa. Mwezi mmoja baadaye nilijipima mwenyewe kwa nyimbo tano, mwenzangu akinichezea matoleo bila kuniambia lipi ni lipi, nami nikichagua lililo zito zaidi. Katika nyimbo tatu nilichagua lisiloguswa. Katika mbili nilichagua la gridi bila kusita hata kidogo, na hizo mbili ndizo zilizokuwa za kasi kuliko zote. Albamu ilitoka hivyo, tatu zikiwa kama zilivyopigwa na mbili zikiwa zimenyooshwa.