Mbawakawa wa ardhini ni yupi hasa?

Mbawakawa wa ardhini ni mdudu wa familia Carabidae, oda Coleoptera. Spishi zilizokwisha kuelezwa ni kama 40,000. Jina hili lisikupoteze: wengine wao wanaishi mitini, na wapo mbawakawa wengi wanaokimbia ardhini ambao si wa familia hii kabisa.

Alama ya kwanza iko upande wa tumbo. Mlaze mdudu chali, umtazame kwa lenzi inayokuza mara 10. Nyonga za miguu ya nyuma zimegandamana na kidari, hazichezi, nazo zimerefuka hadi kuikata pingili ya kwanza ya fumbatio, yaani sehemu ya nyuma ya mwili, pande mbili. Mbawakawa wawindaji wa majini wanayo pia, ila miguu yao ya nyuma ni bapa na ina nywele za kupigia maji. Wa ardhini ana miguu myembamba ya mbio.

Wanaochanganya watu zaidi ni Tenebrionidae, weusi wa sehemu kavu. Hapo hesabu vipande vya unyayo: Carabidae wana vitano kwenye kila mguu, Tenebrionidae wana vitano, vitano, na vinne mguu wa nyuma. Hesabu mguu ambao bado una kucha mbili mwishoni. Unyayo uliokatika ncha ndio unaoleta makosa mengi.

Ndani ya familia, tofauti ni kubwa mno. Calosoma hula viwavi. Tefflus, mkubwa mwenye matuta mgongoni, hula konokono. Harpalus wengi hula mbegu, na Paussus huishi na sisimizi. Anthia wa savana za Afrika hurusha asidi ya fomiki, kwa hiyo mshike kwa kibano na usimsogeze karibu na macho. Brachinus ana vyumba viwili karibu na mkundu: kimoja huhifadhi hidrokwinoni na peroksidi ya hidrojeni, kingine kina vimeng'enya. Vikikutana, mchanganyiko hulipuka kwa joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi, na mlio wake unasikika.

Mpaka wa familia wenyewe bado unabishaniwa. Cicindela na jamaa zake, wakimbiaji wenye macho makubwa na taya kama mundu, wengine huwaweka humu kama nusufamilia, wengine huwapa familia yao, Cicindelidae. Hao peke yao ni zaidi ya spishi 2,000, ndiyo maana orodha mbili sahihi za Carabidae zinaweza kutoa idadi tofauti.