Kukaza sana sio kukaza vizuri: nati za tairi

Kuna tabia tunaiona sana sisi tunaofundisha ufundi magari huku Mtwara, mtu anabadili tairi mwenyewe nyumbani, nati ikishakaa anapanda juu ya wili spana anarukaruka eti isilegee. Ndo chanzo cha studi nyingi (zile bolti nati ya tairi inafungwa juu yake) kukatika.

Iko hivi, studi ukiikaza inavutika kidogo sana, na kule kuvutika ndo kunakobana, ukipitiliza inavutika jumla hairudi tena. Toyota nyingi ndogo zinataka kama Nm 103 (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kwenye nati za tairi. Mtu wa kilo 70 akisimama mwisho wa spana ya nusu mita anatia zaidi ya 340! Kama huna toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ikining'inia mwisho wa spana ya nusu mita iliyolala sawa ni kama 100 hivi, mkono wako uzoee uzito huo.

Sasa kutu, na huku pwani kuanzia Msimbati mpaka Kilwa chumvi haina huruma. Safisha thredi (ile mizunguko ya kwenye studi) kwa brashi ya waya, pulizia mafuta ya kutu halafu uyaache yapenye, hata usiku kucha, wengi hawana subira wanapulizia na kufungua hapohapo. Ukianza, sukuma kidogo upande wa kukaza kwanza ili kutu iachie ndo urudishe. Soketi iwe ya pembe 6, ya pembe 12 inakula kona za nati. Kurefusha spana kwa bomba wakati wa kufungua sawa, wakati wa kufunga hapana. Na legeza gari likiwa bado chini, sio liko kwenye jeki.

Kufunga, anza kwa vidole, kaza kwa kurukia nati ya upande wa pili, shusha gari ndo umalizie. Thredi usizipake oili, maana nguvu nyingi ya spana huishia kwenye msuguano, ukiuondoa studi inavutwa kupita kiasi kwa mkono uleule. Ukitoka Mtwara kwenda Lindi, paki Mingoyo uzicheki tena.

Bolti ya kumwagia oili kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) ni habari nyingine kabisa, Toyota nyingi ndogo hata Nm 40 haifiki, na sampo ya aluminiamu ikila thredi mfuko utakujibu.