Kriptidi ni nini? Gustave, swila wa majini na wanyama wanaodaiwa kuonekana

Kriptidi ni mnyama anayedaiwa kuwepo ila hajathibitishwa. Yupo mtu anayeapa kwamba kamwona, pengine ipo hata picha yenye ukungu, lakini hakuna mzoga, mfupa wala kipande cha ngozi kilichofika mikononi mwa mtaalamu wa wanyama. Jina hili lilianza kutumika mwaka 1983, na siku hizi utalikuta TikTok, YouTube na ndani ya magemu. Fallout 76, gemu ya mwaka 2018, imejaa kriptidi wa jimbo la West Virginia nchini Marekani, akiwemo Mothman, kiumbe nusu mtu nusu nondo.

Kinachoamua ni lile dai. Zimwi la hadithi si kriptidi. Bibi anaposimulia jinsi zimwi lilivyomfungia binti ndani ya ngoma, hakuna msikilizaji anayetakiwa kuamini kwamba lilipita mtaani kwao jioni ile. Siren Head, jitu lenye ving'ora badala ya kichwa, naye simhesabu, ingawa watoto wengi wamemwogopa kwa video za kwenye simu: alibuniwa mwaka 2018 na msanii wa Canada, Trevor Henderson. Mnyama wa ziwa la Loch Ness, Uskoti, ndiye kriptidi hasa. Mwaka 1994 ilijulikana kwamba picha yake mashuhuri ya 1934 ilikuwa nyambizi ya kuchezea iliyobandikwa shingo ya bandia, na bado watu wanaenda kumtafuta.

Kwetu Kigoma mfano mzito zaidi ni Gustave, mamba wa mto Rusizi na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi. Mtandaoni huchorwa kama jitu la kale lisilokufa. Ukweli ni kwamba mamba huyu alikuwepo. Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi, ndiye aliyempa jina na kumfuatilia kwa miaka mingi. Mamba huyo alirekodiwa kwa kamera, alikuwa na makovu ya risasi, na urefu wake ulikadiriwa kupita mita 6. Kwa hiyo Gustave mwenyewe si kriptidi. Zilizo na tabia ya kriptidi ni habari zake. Husemwa ameua watu 300, idadi ambayo haijathibitishwa. Ilidhaniwa pia ana miaka 100, mpaka alipoonekana amepanua kinywa na meno yake yapo yote. Mamba mkongwe kiasi hicho angekuwa karibu kibogoyo, hivyo makadirio yakashuka hadi miaka 60 hivi. Mwaka 2007 Wamarekani wakamtengenezea filamu, na uvumi ukapata nguvu mpya.

Uvumi huo unaniudhi kwa sababu moja. Mtu akishaamini kwamba muuaji ni mnyama mmoja wa ajabu aliye mbali, anaacha kumwogopa mamba wa kawaida wa mita 3 aliyelala kwenye matete ya mto Malagarasi, na huyo ndiye anayemvizia mama anayefua na mtoto aliyetumwa maji. Huyo hana jina wala video.

Wapenzi wa kriptidi hupenda kumtaja silikanti kama ushahidi wao. Wanasayansi waliamini samaki huyo alitoweka tangu enzi za dinosaria, kisha mwaka 1938 akavuliwa Afrika Kusini, na baadaye hata Tanga. Lakini wavuvi wa Komoro walikuwa wakimvua na kumpa jina lao, gombessa, bila kumwona kuwa ni muujiza. Isitoshe, aliyemaliza ubishi ni samaki mwenyewe, aliyewekwa mezani akapimwa.

Kuna na kinyume chake. Mgeni akiambiwa kwamba ziwani kwetu anaishi swila anayezamia majini, hudhani anatishwa kwa hadithi. Swila wa majini yupo, na wanasayansi walimwandika tangu mwaka 1886. Hula samaki, hujificha kwenye nyufa za mawe ya ufukweni, na ana sumu kali.