Jaji wa shirikisho hawezi kukusainisha suluhu: dhana potofu kuhusu kesi za madai dhidi ya majiji ya Marekani

Machi 12, 2021, madiwani wa Minneapolis walipiga kura kwa kauli moja kuilipa familia ya George Floyd dola milioni 27. Kesi ya jinai ya polisi Derek Chauvin, aliyeshtakiwa kwa kumuua Floyd, ilikuwa bado kwenye hatua ya kuchagua jopo la wananchi watakaoiamua. Wako waliodhani fedha hizo ni hukumu, na wako waliodhani ni za kuizima kesi ya jinai. Hazikuwa hivyo wala hivi. Ulikuwa mwisho wa kesi ya madai iliyofunguliwa mahakama ya shirikisho Julai 2020, na Chauvin alitiwa hatiani Aprili 2021.

Kesi za madai dhidi ya majiji huishia hivyo mara nyingi sana, kwa makubaliano, na nyuma ya makubaliano mara nyingi yupo jaji aliyeisukuma kesi hadi ikafika hapo. Ndugu zetu wengi wako Marekani, na baadhi yao wamelazimika kuingia kwenye kesi hizi. Nisingependa mtu aende kwenye kikao cha suluhu akiwa na habari za mtaani tu.

"Jaji akitaka mpatane, mtapatana tu."

Hapana. Kanuni ya 16 ya mwenendo wa kesi za madai katika mahakama za shirikisho inampa jaji uwezo wa kuita kikao cha kuzungumzia suluhu, kuamuru mdai na mdaiwa wafike wenyewe au wapatikane kwa simu, na kumwadhibu asiyefika au anayefika bila maandalizi. Mwaka 1989 mahakama ya rufaa ya Chicago iliamua kwamba hata mwenye wakili anaweza kuamriwa kuja yeye mwenyewe. Lakini mamlaka hayo yanaishia hapo. Unaweza kuja, ukasikiliza kwa heshima, ukajibu kwamba hutoi hata senti, au hupokei chini ya kiasi fulani, na hakuna wa kukuadhibu kwa jibu hilo.

Jaji mmoja wa New York alijaribu kuvuka mpaka huo. Ilikuwa kesi ya uzembe wa daktari. Alipendekeza wamalizane kwa kati ya dola 20,000 na 30,000, akaonya kwamba wakipatana kwa kiasi cha namna hiyo baada ya kesi kuanza kusikilizwa atawatoza faini. Kesi ikaanza, na baada ya siku moja wakamalizana kwa dola 20,000. Jaji akamtoza daktari dola 2,480. Mwaka 1985 mahakama ya rufaa iliifuta faini hiyo, kwa sababu kanuni haikuwekwa ili kuwaburuta watu kwenye mapatano wasiyoyataka.

Aliyezoea mahakama za nyumbani ataona kitu anachokifahamu. Tanzania iliingiza usuluhishi ndani ya kesi za madai mwaka 1994, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 159, inaziagiza mahakama ziendeleze njia hizo. Kokote kule, usuluhishi ukishindikana kesi inaendelea.

"Basi kama halazimishi, shinikizo lenyewe ni maneno matupu."

Hapa ndipo wengi hukosea kwa upande wa pili, na ndipo panapohitaji maelezo marefu zaidi. Jaji ana silaha asizohitaji kuzitaja: kalenda, na uamuzi ambao bado hajautoa. Akishapanga tarehe ya kusikiliza kesi, kila upande unaanza kuhesabu gharama za mashahidi na wataalamu. Akisema ombi la jiji la kutaka kesi itupwe litaamuliwa baada ya kikao cha suluhu, pande zote mbili zinaingia kikaoni bila kujua nani ana nguvu, na asiyejua hali yake huwa mwepesi wa kupunguza masharti. Akisimamisha ubadilishanaji wa nyaraka kwa miezi miwili ili watu wazungumze, wakili wa mdai anakaa bila mafaili ya polisi ambayo yangempa nguvu mezani.

Jaji mwenyewe naye ana saa inayomfukuza. Sheria ya mwaka 1990 inataka kuchapishwa, jaji kwa jaji, orodha ya maombi yaliyokaa zaidi ya miezi 6 bila kuamuliwa na kesi zilizozidi miaka 3. Hakuna anayefurahia jina lake kurefuka kwenye orodha hiyo, na kesi iliyokwisha kwa suluhu haihitaji hukumu ya kurasa 60 wala haikatiwi rufaa. Sisemi majaji ni wavivu. Wengi wanaamini kwa dhati kwamba fedha ya uhakika leo ni bora kwa mjane kuliko ushindi wa baada ya miaka 6. Lakini imani hiyo inakwenda sambamba na masilahi ya mahakama yenyewe, na mdai anapaswa kulijua hilo.

Matokeo yanaonekana. Mwaka 1962, asilimia 11.5 ya kesi za madai za shirikisho zilifikia kusikilizwa kikamilifu. Mwaka 2002 ilikuwa asilimia 1.8. Siku hizi ni chini ya asilimia 1.

"Anayewasuluhisha ndiye atakayewahukumu, kwa hiyo usiseme kitu."

Mara nyingi si yeye. Jaji wa wilaya, aliyeteuliwa na rais na kukaa maisha, huikabidhi hatua hii kwa hakimu wa mahakama hiyo hiyo, anayeteuliwa na majaji kwa kipindi cha miaka 8. Kila upande humtumia hakimu barua ya siri kabla ya siku yenyewe. Siku ikifika mdai na wakili wake wanakaa chumba kimoja, watu wa jiji chumba kingine, na hakimu anatembea katikati. Kwa watu wa jiji atauliza jopo litasema nini likiiona video. Kwa mdai atauliza: hati yako ya zamani ya makosa ikisomwa mbele ya watu wanane wasiokufahamu, umejiandaaje? Ni maswali ya kuumiza, na mtu ambaye hakuambiwa mapema hudhani hakimu amenunuliwa. Akihamia chumba cha pili anauliza makali yale yale.

Ofa zinazotolewa humo haziwezi kutumika baadaye kama ushahidi kwamba jiji lilikuwa na hatia au kwamba dai lako lilikuwa dogo. Kanuni ya 408 ya ushahidi inazuia hilo.

New York wana utaratibu wao. Kesi nyingi za kukamatwa bila sababu au kupigwa na polisi wa jiji, zikifunguliwa na mtu mwenye wakili katika mahakama ya Manhattan, huingia moja kwa moja kwenye mpango maalumu: nyaraka za msingi zinabadilishwa mapema, kisha kesi inapelekwa kwa msuluhishi au kwenye kikao cha suluhu kabla gharama hazijapanda. Ukitumiwa barua ya namna hiyo, usidhani jaji ameidharau kesi yako. Ni foleni ya kawaida.

"Wakili wa jiji akisema ndiyo, imekwisha."

Bado kabisa. Chicago, suluhu inayozidi dola 100,000 lazima ipite kwa madiwani. New York inahitaji kibali cha mdhibiti wa fedha wa jiji. Maelezo ya mwaka 1993 ya Kanuni ya 16 yenyewe yanakubali kwamba kwenye kesi za serikali huenda asiwepo mtu mwenye uwezo wa kusema ndiyo pale pale, na cha kutarajiwa ni mtu ambaye pendekezo lake lina uzito kwa wenye uamuzi.

Chicago imeonyesha urefu wa safari hiyo. Sajenti Ronald Watts na kikosi chake waliwatoza hongo wakazi wa nyumba za umma za Ida B. Wells, na asiyelipa akabambikiwa dawa za kulevya. Watts alifungwa 2013. Waliobambikiwa walifutiwa hatia mmoja mmoja, wakafungua kesi za shirikisho kwa makumi, na maandalizi ya kesi hizo yakaunganishwa ili zisiendeshwe kila moja kivyake. Septemba 2025 ndipo madiwani walipoidhinisha dola milioni 90 kumaliza kesi 176 kwa mpigo. Ukizigawa sawasawa, ni kama dola nusu milioni kwa kesi, kabla ya wakili kuchukua chake.

"Askari wa jiji akikosea, jiji lina hatia."

Hii ndiyo dhana inayowaumiza watu zaidi. Sheria inayotumika ni ya mwaka 1871, iliyotungwa dhidi ya Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi weupe lililowashambulia weusi. Hadi 1978 jiji lenyewe halikuweza kushtakiwa kwa sheria hiyo. Mwaka huo, katika kesi ya Monell dhidi ya idara ya ustawi wa jamii ya jiji la New York, Mahakama Kuu ya Marekani, iliyo ya juu kabisa nchini humo, ilifungua mlango, lakini mwembamba: jiji linawajibika pale tu madhara yalipotokana na sera yake au mazoea yake yaliyokita mizizi. Kuwa mwajiri wa askari hakutoshi.

Patrick Lyoya alikuwa mkimbizi kutoka Kongo. Aprili 4, 2022, polisi wa Grand Rapids, Michigan, alimsimamisha barabarani kwa sababu ya namba za gari, na wakiwa kwenye purukushani akampiga risasi ya kisogo. Familia yake ilizungumza na waandishi kupitia mkalimani wa Kiswahili, na kesi ya madai ikafunguliwa dhidi ya askari na jiji. Mwaka 2023 jaji aliliondoa jiji kwenye kesi hiyo, kwa kuona madai hayakuonyesha sera wala mazoea ya jiji yaliyosababisha kifo. Nilipoisoma habari hiyo niliumia, na nilijua wengi wangeisoma kama kusema kwamba maisha ya Patrick hayakuwa na thamani. Kisheria haikuwa hivyo. Dai dhidi ya askari ni jambo jingine.

Sasa tazama mkanganyiko wake: jiji lisilo na hatia ndilo hulipa. Utafiti wa profesa Joanna Schwartz, uliotoka 2014, ulikuta kwamba askari wenyewe walilipa asilimia 0.02 tu ya fedha walizopata wadai, na zilizobaki zikatoka serikalini. Kwa hiyo wakili wa jiji anakaa kwenye kikao cha suluhu hata pale jiji si mdaiwa. Chicago, baadhi ya majaji hutenganisha dai dhidi ya jiji na dai dhidi ya askari, wakianza na askari. Inaharakisha suluhu. Mimi naona ina hasara kubwa: mafaili yanayoonyesha mazoea ya idara nzima yanabaki kabatini, na mdai anayefuata anaanza upya.

"Ukikataa ofa huna cha kupoteza."

Unacho. Baba mmoja wa Illinois alifungua kesi baada ya polisi kumuua mwanawe. Alipewa ofa ya dola 100,000, gharama na wakili ndani yake. Akakataa. Jopo likampa dola 60,000, na ukijumlisha dola 32,000 za gharama zilizokuwa zimefikia kabla ya ofa, haikufika laki moja. Mwaka 1985 Mahakama Kuu iliamua kwamba, kwa sababu ofa ilitolewa rasmi chini ya Kanuni ya 68, inayohusu ofa rasmi za suluhu, na matokeo yakawa chini yake, wapinzani hawadaiwi malipo ya wakili ya kipindi cha baada ya ofa. Zilikuwa zaidi ya dola 139,000 za kazi iliyokwisha kufanywa.

Jiji likikuletea karatasi yenye jina la kanuni hiyo, una siku 14 za kuikubali ofa. Mwulize wakili wako siku ile ile maana yake kwako, na maana yake kwake pia. Tangu 1986 inaruhusiwa jiji kutoa ofa nzuri kwa mdai kwa sharti kwamba wakili asamehe ujira wake, na ni vyema mteja ajue wakati wakili wake amewekwa kwenye kona hiyo.

"Jiji likilipa, limekiri, na litabadilika."

Cleveland ilikubali kulipa dola milioni 6 mwaka 2016 kwa kifo cha Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, bila kukiri kosa lolote. Ndivyo zilivyo karibu suluhu zote. Fedha ni fedha. Mabadiliko yanataka kuandikwa peke yake, na namna yanavyoandikwa ndiyo yanayoamua kama yatatekelezeka.

Makubaliano yakiwa amri ya mahakama, kama ile inayosimamia polisi wa Chicago tangu 2019, jaji anaendelea kulisimamia jiji, anapokea ripoti, na anaweza kuliadhibu likikaidi. Yakiwa mkataba wa kawaida kati ya pande mbili, kesi ikifutwa mahakama ya shirikisho inanawa mikono. Uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1994 unasema hivyo: jiji likivunja ahadi, utaanza na kesi mpya ya mkataba, kwa kawaida katika mahakama ya jimbo, isipokuwa amri ya kuifuta kesi iliyaingiza masharti hayo ndani yake au ilisema wazi kwamba mahakama inabaki na mamlaka ya kuyasimamia. Sentensi hiyo huombwa kabla ya saini, na jaji yule yule aliyewahimiza mpatane ndiye wa kuombwa aiweke.