Cherehani huja mwishoni: utaratibu wa msaada kwa manusura wa utumikishwaji wa kingono

Masoko ya tumbaku yakifunguliwa na fedha kuanza kuzunguka Urambo, Kaliua na Sikonge, ofisi zetu za ustawi wa jamii mkoani Tabora huwa zinajua kinachofuata. Ataletwa binti aliyechukuliwa kijijini kwa ahadi ya kuuza duka, akaishia kuhudumia baa mchana na kulazimishwa kulala na wateja usiku. Hilo si geni. Mwaka huu kilichoongezeka ni malalamiko. Wapo wanaolalamika kwamba Serikali inawapeleka bure VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi, "wasichana wa baa" huku mabinti waliotulia kwao wakihangaika. Wapo pia wanaokuja ofisini wakidai kwamba binti yao ameumizwa, wamesikia kuna msaada, mbona hawapewi cherehani. Maelezo haya ni kwa makundi yote mawili.

Tuanze na nani anahusika, maana hapa ndipo watu hupotoka. Wengi wakisikia usafirishaji haramu wa binadamu hufikiria Uarabuni na pasi za kusafiria. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 haisemi hivyo. Kumchukua mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea kwa udanganyifu, vitisho au kwa kutumia unyonge wake ili atumikishwe ni kosa hata kama safari ilikuwa ya kutoka Igunga hadi Tabora mjini. Stesheni ya Tabora ndipo reli inapogawanyika kwenda Kigoma na Mwanza, na dalali mzoefu anaijua ratiba ya treni kuliko sisi. Ridhaa ya aliyesafirishwa haimwokoi aliyemsafirisha. Kauli ya "alikubali mwenyewe" tunaisikia kila wiki, na kila wiki jibu letu ni lile lile.

Kwa aliye chini ya miaka 18 mambo yako wazi zaidi kisheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inahesabu kazi ya baa, hoteli na sehemu za starehe zinazomweka mtoto kwenye mazingira machafu kuwa kazi ya hatari, na hairuhusiwi. Mwenye baa anayejitetea kwamba "nilidhani ni mkubwa, ana mwili" hana hoja. Mwili si cheti cha kuzaliwa.

Sasa utaratibu. Taarifa hupokelewa na mtendaji wa kijiji au mtaa, kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba 116 hupokea taarifa za watoto na simu hiyo hailipiwi. Mpiga simu hahitaji kuwa na ushahidi, maana kutafuta ushahidi ni kazi ya polisi. Ikiwa tukio la kubakwa limetokea siku hizo hizo, hospitali ndiyo ya kwanza: dawa za kinga dhidi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, si kwenye plastiki, kwa sababu unyevu huharibu vielelezo. Fomu ya polisi namba tatu, yaani PF3, ina umuhimu mkubwa mahakamani, lakini mtu asikae nyumbani kwa sababu hana fomu.

Baada ya hapo afisa ustawi hufungua jalada na kufanya tathmini: afya, usalama, hali ya akili, nyumbani kukoje, nani anaishi pale, nani alimtoa. Tathmini hiyo ndiyo inayoamua kama binti atarudi kwao, atakaa kwa mlezi wa kuaminika aliyethibitishwa, au ataingia nyumba salama. Anwani ya nyumba salama haitolewi kwa mtu yeyote, awe mzazi, diwani au mchungaji. Tafadhali msitupigie simu kuiulizia.

Yupo mzee mmoja wa Uyui aliyekuja na binti yake wa miaka 16. Aliketi kwenye benchi, akavua kofia, akasema: "Mama ustawi, sisi kesi hatuna, tulishayamaliza kifamilia. Tumefuata cherehani tu." Binti alikuwa ameinama, mikono yote miwili tumboni. Hospitalini alikutwa na maambukizi ya via vya uzazi yaliyokaa muda mrefu bila tiba. Tathmini ilipoendelea ikaonekana kwamba aliyempeleka mjini ni shangazi yake, ambaye bado alikuwa akiishi kwenye boma lile lile, na ndiyo maana ukoo ulikuwa na haraka ya kumaliza. Tungempa cherehani siku ile, angeshonea wapi? Angelala chumba cha nani? Shangazi angekuwa wa kwanza kumtafutia "wateja" wa magauni. Mzee hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na aliamini kabisa kwamba kifaa kitafuta jambo lote.

Hii ndiyo sababu mafunzo huja baada ya matibabu, usalama na ushauri nasaha. Binti anayeamka usiku akipiga kelele hawezi kukaa darasani saa sita akipima kitambaa. Wapo walioanza kozi mapema mno kwa shinikizo la ndugu na wakaacha ndani ya mwezi mmoja, na nafasi iliyopotea hairudi kwa urahisi.

Kuhusu kumaliza kifamilia, tuongee wazi. Makosa haya ni jinai na mwenye kesi ni Jamhuri, kwa hiyo hakuna baraza la ukoo lenye mamlaka ya kuyafuta, hata ng'ombe wakishafungwa zizini. Adhabu ya kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30, na mahakama inatakiwa pia kuamuru mkosaji amlipe fidia aliyetendewa. Wanaosema "tukienda mahakamani hatutapata kitu" wasome tena hapo. Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inamgusa pia anayemtafutia mtoto wateja, anayeruhusu mtoto akae kwenye jengo lake kwa ajili hiyo, na anayempa mtoto au mzazi wake fedha au zawadi ili ampate mtoto huyo. Kifungo chake ni kuanzia miaka mitano hadi 20. Wenye gesti, sentensi hiyo inawahusu. Aliyempa mimba mwanafunzi au kumwoa anakabiliwa na miaka 30 chini ya Sheria ya Elimu kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, na kutoa mahari hakumwondolei kitu. Kwa usafirishaji haramu, aliyekuwa akitegemea kulipa faini na kurudi kwake ajue kwamba mabadiliko ya mwaka 2022 yaliondoa njia hiyo: kifungo kipo.

Tukirudi kwenye mafunzo. Aliye na umri wa shule hurudi shule kwanza. Tangu Novemba 2021 waliokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, wanaruhusiwa kurejea, kwa hiyo mzazi anayetuletea mtoto wa miaka 14 akitaka "afundishwe fani tu" atarudishwa na barua ya kwenda kwa afisa elimu. Kwa waliovuka umri huo kuna VETA Tabora, na kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Urambo, Nzega na Sikonge, ambavyo havimdai mtu awe amemaliza kidato cha nne. Fani huchaguliwa na binti mwenyewe baada ya kuzungumza na mshauri. Wazazi karibu wote wanataka ushonaji au saluni. Mimi nina maoni yangu: Tabora mjini mafundi nguo wamejaa hadi vibarazani, wakati fundi umeme wa majumbani wa kike anatafutwa na akina mama wasiopenda kuacha mwanaume mgeni ndani peke yake na watoto. Lakini chaguo si langu.

Gharama hulipwa kwa kadiri ya bajeti ya halmashauri na wadau waliopo, na nafasi si za wote kwa wakati mmoja. Hakuna posho ya kukaa nyumbani. Hakuna aliyelipwa kwa sababu ya kuwa alikuwa baa, na anayeeneza hivyo anawatia aibu mabinti ambao wengine ni wa mtaa wake. Wasiotumikishwa nao wana milango yao ya kuingia vyuo hivyo hivyo, kwa maombi ya kawaida.

Mhitimu mwenye miaka 18 na kuendelea anaweza kujiunga na kikundi cha wanawake au vijana na kuomba mkopo usio na riba kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia nne ni ya wanawake na nne ni ya vijana. Chini ya miaka 18 haombi, hata mama yake akisaini. Kikundi kiwe cha watu wanaofahamiana. Kuchomekwa majina ili idadi itimie ndiko kunakovunja vikundi vingi kabla ya marejesho ya kwanza.

Jambo la mwisho ni kwa watendaji wa vijiji na mitaa, kuhusu barua za utambulisho mnazowapa mabinti kupeleka chuoni. Tumepokea barua yenye kichwa cha habari kilichoeleza yote yaliyompata binti, kwa herufi kubwa, na imepigwa mhuri. Barua hiyo ilipita mikononi mwa mlinzi, karani na wanafunzi wawili waliokuwa kwenye foleni. Andikeni jina, kijiji, na kwamba anahudumiwa na Ofisi ya Ustawi wa Jamii. Chuo kikihitaji zaidi ya hapo kitatuandikia sisi.